Maji ya Bomba na Samaki wa Bahari: Je, Yafaa?

Msomaji, naomba nianze na swali, kwani kabla ya kuwa karani wa ofisi ya kilimo nilisomea ualimu, na desturi ya mwalimu ni kuuliza kwanza. Ziweke glasi mbili za maji juu ya meza. Moja ni ya maji ya bomba, na ya pili ni ya maji ya bahari safi yaliyochotwa mbali na bandari. Zote mbili zang'aa, wala hakuna takataka ndani yake. Je, ni ipi iliyo salama? Utasema ya bomba, na wewe umesema kweli, kwani ndiyo uwezayo kunywa. Lakini ukimwuliza samaki wa mwambani, jibu lake litakuwa lingine. Maji yaliyo salama kwa mtu si lazima yawe salama kwa samaki, na kwa matumbawe ni hatari zaidi.

Jambo hili nilijifunza asubuhi moja ofisini kwetu, huku pwani. Ofisi yetu ya kilimo yatumia baraza moja na ofisi ya uvuvi, na Bwana Samaki, ndivyo tumwitavyo afisa wa uvuvi, huketi mlango wa pili kutoka kwangu. Alikuja kijana mmoja amebeba mtungi wa plastiki mkononi na kitambaa kilichofungwa mfukoni. Alipokifungua kitambaa, ndani mlikuwamo kamba wadogo watatu wamekufa, na samaki mmoja mwenye mistari.

"Shikamoo, mzee," alimwambia Bwana Samaki.

"Marahaba, mwanangu. Keti kwanza, upumzike."

Kijana yule ameajiriwa katika hoteli moja ya pwani, na kazi yake ni kutunza tangi kubwa la kioo lililowekwa ukumbini ili wageni watazame samaki wa bahari na matumbawe yaliyo hai. Tangi lile lachukua lita 300. Kwa miezi mingi alikuwa akiletewa maji ya bahari kwa gari. Juma lile gari liliharibika, na maji ya tangi yalikuwa yamechafuka. Basi akanunua chumvi ya tangi ya pakiti, akachota maji ya bomba, akakoroga, akabadilisha nusu ya maji yote siku hiyo hiyo. Jioni samaki walikuwa juu wakihema. Alfajiri kamba wote walikuwa wamekufa, na matumbawe yalikuwa yamejifunga kama ngumi. Meneja alimwambia kwamba akishindwa kulitengeneza tangi lile katika muda wa miezi miwili, kazi itapewa mtu mwingine. Kijana ana mke na watoto wawili.

"Mzee," alisema, "maji haya mimi nayanywa, na wanangu wayanywa. Imekuwaje samaki wafe?"

Bwana Samaki alimwuliza, "Uliyachota saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Na ukayatia tangini saa ngapi?"

"Yapata saa tatu."

"Basi hukuwapa maji, mwanangu. Umewapa dawa."

Niliacha barua nilizokuwa nikipiga chapa, nikavuta kiti karibu. Haya niandikayo hapa ni mafunzo ya siku ile, pamoja na mengine niliyoyasoma baadaye. Najua kwamba wasomaji wengi wa gazeti hili hawana tangi la matumbawe. Lakini wengi wana tangi la plastiki lenye vifaranga vya ngege au kambare, na wengine wana vijana wao wanaotafuta kazi mahotelini na kwa wafanya biashara ya samaki wa mapambo. Sheria za maji ni zile zile.

KWA NINI MAJI YA BOMBA HUTIWA DAWA

Mwaka 1853 lilifunguliwa katika bustani ya wanyama ya London jumba la kwanza la kuwaonyesha watu wote samaki walio hai ndani ya matangi ya kioo. Mwaka uliofuata, 1854, bwana mmoja Mwingereza, Philip Henry Gosse, aliyependa sana viumbe vya bahari, alitangaza namna ya kutengeneza maji ya bahari mjini, mbali na pwani, kwa kuchanganya chumvi nne katika maji matamu. Viumbe viliishi ndani yake. Tangu hapo watu wamejua kwamba maji ya bahari yaweza kutengenezwa nyumbani.

Lakini angalia jambo jingine la mwaka huo huo. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu wengi sana katika mji ule ule wa London, na daktari John Snow alionyesha kwamba ugonjwa ulitoka katika pampu ya maji ya mtaa. Siku zile maji hayakuwa yakitiwa dawa. Miaka mingi ilipita kabla watu hawajapata dawa ya kufaa. Mwaka 1897 maji ya mji wa Maidstone, Uingereza, yalitiwa klorini kwa sababu ya homa ya matumbo. Mwaka 1908 mji wa Jersey City, Marekani, ulianza kuitia klorini katika maji yake kila siku, na miji mingine ikafuata mfano huo.

Hii ndiyo sababu waweza kunywa maji ya bomba leo bila hofu kubwa. Klorini huua vijidudu. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba klorini iliyobaki katika maji isipungue miligramu 0.2 kwa kila lita pale mtu anapochotea, ili vijidudu visipate nafasi njiani. Kwa mtu kiasi hicho ni kidogo sana. Kwa samaki ni kingi, kwani hata miligramu 0.05 kwa lita yaweza kuwadhuru samaki walio wepesi kudhurika. Samaki huvuta pumzi ndani ya maji kwa matamvua yake, yaani yale mashavu mekundu. Klorini huyaunguza matamvua, na samaki akahema juu ya maji kana kwamba hewa imekwisha. Ndivyo walivyofanya wale wa hotelini.

TANGI LA MATUMBAWE NI SHAMBA

Watu wengi hufikiri kwamba tumbawe ni jiwe. Tumbawe ni wanyama wengi wadogo sana walioshikana, na jiwe ni nyumba waliyoijenga wenyewe kwa chokaa waitoayo katika maji ya bahari. Ndani ya miili yao mna mwani mdogo usioonekana kwa macho, nao hupika chakula kwa nguvu za jua kama jani la mhindi lifanyavyo. Mwani humlisha mwenyeji wake, na mwenyeji humpa mwani makao. Maji yakiwa na joto kupita kiasi, mwani huo hutoka na tumbawe hugeuka jeupe. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kali, sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya ilikufa kwa namna hiyo.

Tena, ndani ya tangi, juu ya kila jiwe na kila chembe ya mchanga, mna vijidudu vingine vilivyo rafiki. Samaki akila hutoa uchafu, na uchafu huwa amonia, ambayo ni sumu. Vijidudu hivi huigeuza amonia kuwa naitraiti, kisha vijidudu vingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo haina ukali mwingi. Mkulima anayejua mbolea ya samadi atafahamu upesi, kwani kazi kama hiyo ndiyo ifanyikayo katika udongo wa shamba. Tangi jipya lahitaji majuma 4 hadi 6 hivi kabla vijidudu hivyo havijawa vingi vya kutosha.

Sasa uyaone mambo mawili kwa pamoja. Klorini iliwekwa katika maji ili iue viumbe vidogo. Tangi la matumbawe laishi kwa ajili ya viumbe vidogo. Ukiyamimina maji ya bomba moja kwa moja, umelipeleka jeshi ndani ya nyumba ya rafiki zako.

MAMBO MENGINE YALIYOMO BOMBANI

Kama shida ingekuwa klorini peke yake, dawa yake ni rahisi, nami nitaieleza. Lakini mna mengine, na yafaa uyajue kwa majina.

Kloramini. Katika miji kadha ya nchi za nje, hasa Marekani, klorini huchanganywa na amonia ili nguvu yake idumu katika mabomba marefu. Mchanganyiko huo ndio kloramini. Klorini ya kawaida huondoka yenyewe maji yakiwekwa wazi siku moja au mbili. Kloramini haiondoki upesi hivyo. Kwa hiyo usifuate tu maneno ya mtu aliye mji mwingine. Iulize ofisi ya maji ya kwenu dawa gani yatumika.

Shaba na zinki. Maji yakilala usiku kucha katika bomba la shaba au la chuma lililopakwa zinki, huyeyusha madini kidogo kidogo. Shirika la Afya Duniani laruhusu shaba hadi miligramu 2 kwa lita katika maji ya kunywa. Watunzaji wa samaki wa bahari hutumia shaba kama dawa ya vidudu vya ngozi, nao hutia kiasi cha miligramu 0.2 tu kwa lita, tena katika tangi la hospitali lisilo na matumbawe wala kamba, kwani kiasi hicho chatosha kuwaua. Basi fanya hesabu, msomaji: maji yaruhusiwayo kwa mtu yaweza kuwa na shaba mara 10 ya dawa inayoua kamba na matumbawe. Maji hayo si mabaya. Yalipimwa kwa ajili ya mtu tu, wala hakuna aliyemfikiria kamba.

Naitreti na fosfeti. Maneno haya mkulima ayajua. Ndiyo mbolea ya CAN na DAP uitiayo mahindi. Mvua huiosha mbolea kutoka mashambani hadi mitoni na visimani, na masalio yake hufika bombani. Kwa maji ya kunywa naitreti huruhusiwa hadi miligramu 50 kwa lita. Katika maji safi ya mwambani hata miligramu 1 haifiki. Ukilipa tangi mbolea, nini kitamea? Magugu. Mwani wa kijani na wa rangi ya kahawia utafunika vioo na mawe, utayasonga matumbawe, na utashinda siku nzima ukipangusa bila kuona faida.

Tena maji hayatoki mahali pamoja. Mji wa Mombasa hupata maji ya chemchemi za Mzima, yaliyopenya katika mawe ya volkeno ya vilima vya Chyulu. Hupata ya visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Hupata ya Marere katika vilima vya Shimba, na ya visima vya Tiwi. Yale ya juma hili huenda si yale ya juma lijalo. Na bomba likikauka, watu hununua maji ya mkokoteni, na kisima yalikochotwa hakijulikani. Jirani akikuambia, "Mimi natumia ya bomba na samaki wangu wazima," huenda asema kweli kabisa, lakini hilo ni bomba lake na siku yake.

MAJI HUPAA, UCHAFU HUBAKI

Hapa ndipo wengi wanapokosea, hata wale waliofanikiwa mwaka wa kwanza.

Umeona mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi? Maji ya bahari huingizwa katika viwanja vipana, jua hupiga, maji hupaa, na chumvi hubaki chini nyeupe. Au litazame birika la chai nyumbani kwako. Ule ukoko mweupe ulio ndani haukutoka katika majani ya chai. Ulitoka katika maji. Tangi la kioo ni hivyo hivyo. Katika joto la pwani maji hupaa kila siku, nawe lazima uongeze.

Tuseme tangi lina lita 200, na kila siku hupaa lita 4. Baada ya siku 50 utakuwa umeongeza lita 200, yaani tangi zima jingine. Kama kila lita uliyoongeza ilikuwa na miligramu 10 za naitreti, basi zote zimebaki, na tangi lako limeongezewa miligramu 10 kwa kila lita. Baada ya siku 100 zimekuwa 20. Na shaba hivyo hivyo, na fosfeti hivyo hivyo. Ndiyo sababu tangi huonekana zuri mwezi wa kwanza, likadhoofika mwezi wa tano, na mwenyewe akadhani amelogwa.

Hapa pana fundisho jingine. Chumvi ya bahari nayo haipai. Kwa hiyo maji ya kuongeza kila siku yawe matamu, si ya chumvi. Ukiongeza ya chumvi kila siku, tangi litazidi chumvi hata samaki washindwe.

BASI, TUFANYE NINI?

Bwana Samaki alichukua karatasi akamwandikia kijana mambo haya, nami nayaandika kwa utaratibu ili uyakate uyabandike ukutani.

1. Kwa matumbawe, kamba na konokono, tumia maji yaliyochujwa hadi mwisho. Iko mashine inayopitisha maji kwanza katika kichujio cha matope, kisha katika makaa ya kunasa klorini, kisha katika utando mwembamba mno usioruhusu chumvi kupita, na mwisho katika chembe maalum za kunasa yaliyosalia. Kipimo cha chumvi zilizoyeyuka kikitiwa katika maji hayo chapasa kusoma 0. Kikianza kupanda, badilisha vichujio.

2. Mashine hiyo humwaga maji. Kwa kila lita 1 safi, lita 3 au 4 hutoka upande wa pili. Usiyapoteze. Yaelekeze katika pipa, uyatumie kufulia, kuosha vyombo na kumwagilia mboga.

3. Usipokuwa na mashine, waweza kununua maji yaliyochujwa katika maduka yajazayo mitungi ya lita 20. Uliza kama madini yamerudishwa baada ya kuchuja. Kama yamerudishwa, tafuta duka jingine.

4. Kama tangi ni la samaki tu, bila matumbawe wala kamba, maji ya bomba yaweza kufaa baada ya kutengenezwa. Fungua bomba yamwagike dakika chache asubuhi, uyakinge ya kufulia, kisha chota ya tangi. Yaweke katika pipa la plastiki lililo wazi, tia mpira wa pampu ya hewa yachemke kwa mapovu muda wa saa 24 hadi 48. Au tumia tiosalfeti ya sodiamu, ambayo huondoa klorini mara moja. Miligramu 7 hivi zaondoa miligramu 1 ya klorini. Kumbuka kwamba dawa hiyo haiondoi naitreti wala fosfeti.

5. Chumvi ya jikoni haifai. Bahari ina magnesi, kalisi, potasiamu na mengine mengi, na bila kalisi tumbawe halijengi nyumba yake. Tumia chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya bahari. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa kila lita. Kwa lita 200 utahitaji karibu kilo 7, au zaidi kidogo kama chumvi imevuta unyevu. Usikisie kwa ulimi. Pima kwa chombo.

6. Changanya chumvi katika pipa la pembeni, siku moja kabla, pampu ikizunguka. Usiimwage chumvi juu ya wanyama. Maji mapya yawe na joto sawa na ya tangini, kiasi cha digrii 25 hadi 27.

7. Usibadilishe nusu ya tangi kwa siku moja. Sehemu 1 katika 10 kila juma yatosha. Mnyama wa bahari amezoea bahari, na bahari haigeuki kwa saa moja.

KWA WALIO KARIBU NA BAHARI

Kijana aliuliza, "Mzee, na bahari iko hapa mlangoni. Kwa nini ninunue chumvi?"

Swali zuri. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, aliwaeleza watunzaji wa matangi namna yake: maji halisi ya bahari, mawe ya mwambani yenye viumbe hai, mwanga wa jua na mapovu ya hewa, basi. Matumbawe yake yaliishi. Sisi wa pwani ya Kenya twaweza kufuata njia hiyo, lakini kwa akili. Chota maji wakati bahari imejaa, mahali pasipo mlango wa mto wala bandari. Usichote baada ya mvua za masika. Aliyefika Malindi wakati mto Sabaki umefurika ameiona bahari ikigeuka rangi ya matope, na ndani ya matope hayo mna mbolea na dawa za mashamba ya bara. Tumia mitungi ya plastiki iliyokuwa ya chakula, kamwe isiwe ya mafuta ya gari wala dawa ya kunyunyizia. Chuja kwa kitambaa safi, uweke kivulini.

Na maji ya kisima chenye chumvi je? Visima vingi vya kisiwa cha Mombasa vina ladha ya chumvi, na watu hudhani kwamba ni maji ya bahari yaliyochujwa na ardhi. Sivyo. Yamechanganyika na maji ya ardhini, na katika mji wenye vyoo vingi vya shimo, yamejaa naitreti. Usiyatie tangini.

Jambo moja zaidi lapasa kusemwa waziwazi. Katika hifadhi za bahari, kama zile za Malindi na Watamu zilizowekwa mwaka 1968, hairuhusiwi kuchukua tumbawe, gamba wala samaki. Nje ya hifadhi nako, kuvua samaki wa mapambo kwahitaji leseni, na matumbawe magumu hayavuki mipaka ya nchi bila vibali vya mkataba wa kimataifa uitwao CITES. Kila tumbawe linalokufa katika tangi kwa ajili ya ndoo moja ya maji mabaya ni nyumba iliyovunjwa mwambani, na mwamba ndio ulishao samaki wa wavuvi wetu. Asiyekuwa tayari kutunza maji asichukue mnyama.

KWA WAFUGAJI WA BARA

Mwenye bwawa la udongo linalopata maji ya mto asitishike na habari hii. Kituo cha samaki cha Sagana kimekuwapo tangu mwaka 1948, na tangu mpango wa serikali wa mwaka 2009 wa kuchimba mabwawa, wakulima wengi wamefuga ngege na kambare bila kuiona klorini. Anayepaswa kuwa macho ni yule anayeweka vifaranga katika tangi la plastiki au karai karibu na nyumba, akalijaza kwa mpira kutoka bombani. Vifaranga ni wepesi kufa kuliko samaki wakubwa. Yalaze maji siku moja au mbili pamoja na hewa kabla ya kuwaweka. Kama huna nafasi, badilisha kidogo kidogo. Fedha ya vifaranga 500 yaweza kupotea kwa saa moja, na baadaye mwuzaji akalaumiwa bure kwamba aliuza mbegu mbaya.

YALE YALIYOTOKEA

Kijana yule alirudi hotelini na karatasi yake. Wanyama waliokuwa wamebaki walihamishiwa katika maji safi ya bahari, na baadhi ya matumbawe yalifunguka tena baada ya siku kadha. Mengine yalikufa, wala hakuna dawa ya kuyafufua. Meneja alikasirika aliposikia kwamba tangi halitaongezwa mnyama hata mmoja kwa majuma sita. Bwana Samaki alimwendea mwenyewe akamweleza habari ya vijidudu, na kwamba kununua samaki sasa ni kutupa fedha baharini. Akakubali, ingawa kwa shingo upande.

Nilipita pale baada ya miezi mitano. Nyuma ya ukumbi nilikuta mapipa mawili, moja limeandikwa TAMU na la pili CHUMVI, kwa rangi nyekundu. Ukutani lilining'inia daftari la shule, na kila siku ina mistari mitatu: joto, chumvi, lita zilizoongezwa. Tangini mlikuwa na samaki wanne tu na matumbawe machache, si wengi kama zamani, lakini kamba mmoja alikuwa amepanda juu ya jiwe akitikisa mashina yake kama fundi anayengoja mteja. Kijana bado yupo kazini.

"Bwana Karani," aliniambia, "zamani nilikuwa nikitunza samaki. Sasa natunza maji, na samaki wajitunza wenyewe."

Basi msomaji, kama una tangi, dogo au kubwa, la bahari au la maji matamu, anza na maji. Iulize ofisi ya maji dawa waitumiayo. Yapime maji kabla ya kuyamimina. Na ukiwa na shaka yoyote, chukua chupa safi, ijaze, uende nayo kwa Bwana Samaki wa ofisi ya uvuvi ya kaunti yako kabla samaki hawajaanza kuhema. Ukimwendea baada ya hapo, utampelekea kitambaa chenye kamba waliokufa.